UZI: Ngoma za pepo za wanawake: zinavyoendeshwa, zinavyoharibika, na kilichobaki leo

#1 Mwanaujiji

Kila ngoma ya pepo inapotajwa humu, watu wanagawanyika kabla hoja haijafika. Hawa wanasema ushirikina, wale wanasema utamaduni wetu uachwe. Ngoma yenyewe inaendeshwaje, nani anafanya nini, inaponya wapi na inaumiza wapi, hapo kimya. Nafungua uzi huu tuyaweke wazi, na wenye ujuzi wa Buha, Unyamwezi na kwingineko waongezee.

Naanza na ile ya Kiswahili, ya pwani, iliyofika Tabora na Ujiji kwa njia ya misafara ya karne ya 19. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya fundi, yaani mganga wa pepo, kutoka pwani iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku.

Mgonjwa haanzi na ngoma, anaanza na kuangaliwa. Fundi, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyewahi kuugua na kupungwa (kutibiwa pepo kwa ngoma) mwenyewe, anauliza maradhi yalianza lini, baada ya jambo gani, nani katika ukoo aliwahi kupanda pepo. Malalamiko yanayoletwa yanafanana: mwili mzito, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma upande mmoja, mimba kuharibika, ndoto za kukabwa, kumchukia mume bila sababu. Fundi makini akiridhika kwamba ni pepo, bado hapigi ngoma. Anatoa dawa kwanza: mafusho, nyungu, vuo la kuogea. Kwa ruhani, pepo wa Kiislamu, kuna kombe, aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi mawaridi na mgonjwa akanywa. Hii ni kazi ya siku 3 au 7, na wapo wanaopata nafuu hapo hapo, shughuli ikaishia.

Asiyepata nafuu anapigiwa ngoma ndogo ya ndani, wapigaji wawili watatu na waimbaji wachache. Shabaha yake ni kuchagiza, pepo aseme. Anaulizwa jina, asili yake, amempandia wapi huyu binti, na anataka nini. Hapa ndipo pa kuangalia sana, kwa sababu pepo anazungumza mbele ya mume, mama mkwe, kaka na mashangazi. Atataka pete ya fedha, kitambaa cha rangi yake, mbuzi, udi. Halafu anaongeza: kiti wangu, yaani huyu niliyempanda, asipigwe, asitwishwe mzigo siku fulani, asinyimwe ruhusa ya kwenda kwa mama yake. Mtu wa familia anajibu, fundi anapatanisha na kuteremsha madai mpaka yafike pale ambapo nyumba ile inaweza. Fundi anayekubali kila kinachotajwa anaharibu kazi, maana ahadi isiyotekelezwa ndiyo sababu ya kwanza ya ugonjwa kurudi.

Ngoma kubwa inakuja baada ya vitu kupatikana, pengine miezi kadhaa mbele. Chano, sinia la vitu vya pepo, kinaandaliwa, chetezo cha ubani hakizimwi, mgonjwa anavishwa. Akishamaliza anakaa ndani siku kadhaa chini ya uangalizi wa wakubwa wake kilingeni, pale panapofanyiwa tiba, anapewa miiko, na kuanzia hapo anawajibika kuhudhuria ngoma za wenzake.

Kwa hiyo kuzunguka, kuanguka na kupiga kelele ambako kila mtu anakuita ngoma ya pepo ni usiku mmoja katika tiba inayoweza kuchukua mwaka. Msimamo wangu ni huu: kinachoponya zaidi ni yale makubaliano, na lile kundi la wanawake linalobaki na mgonjwa baada ya ngoma kunyamaza.

#2 Fundi wa Isevya

Mkuu umeeleza vizuri, ila ngoma zenyewe umezipita mbio. Bila mpigaji anayejua, hayo makubaliano hayafikiwi.

Vumi ni ngoma nene, inashika chini na haibadiliki. Chapuo inajaza katikati. Msondo ndio unaozungumza na mgonjwa. Juu yake kuna upatu wa kugonga na manyanga ya kutikisa, na manyanga mara nyingi yako mikononi mwa fundi mwenyewe kwa sababu ndiyo anayoamrisha nayo. Ruhani hapigiwi hizi. Huyo ni matari na mahadhi ya zikri. Kibuki wa Unguja, pepo wenye asili ya Madagaska, ana kodiani na makofi. Kila pepo ana mapigo yake na nyimbo zake, na waimbaji wanapitisha moja baada ya nyingine mpaka mwili wa mgonjwa ujibu.

Kosa kubwa la vijana ni kukimbiza mwendo mapema. Unaanza na mwendo wa mtu anayetembea, unakaa hapo mpaka waitikiaji wametulia na sauti zimeshikana. Unapanda kidogo kidogo. Mabega ya mgonjwa yakianza kutikisika, usipandishe tena, shikilia palepale. Mpigaji wa msondo anaangalia miguu ya mgonjwa na kuifuata. Akitaka yeye ndiye afuatwe, mgonjwa anachoka kabla hajapandisha, anaanguka kwa uchovu mtupu na watu wanadhani pepo amekuja. Akishaanguka kweli, usikate ghafla. Msondo unanyamaza kwanza, chapuo inafuata, vumi inabaki inapungua taratibu mpaka fundi ainue mkono.

Kuhusu ngozi: ng'ombe kwa ngoma kubwa, mbuzi kwa chapuo. Mti mzuri ni mringaringa, ndio huohuo majirani zetu wa Burundi wanaochongea ngoma zao. Kigoma kando ya ziwa wakati wa mvua ngozi inalegea kabla ya saa sita usiku, sauti inakuwa kama unapiga godoro. Washa moto wa majani makavu, shika ngoma umbali wa mkono mmoja, izungushe, halafu gonga pembeni kwa kidole pande zote nne. Sauti ikilingana imeiva. Ukiisogeza zaidi, inapasuka kwenye vigingi vinavyoishikilia. Tabora mwezi wa nane mambo yanageuka: ngozi inakauka mno na kukaza mpaka inachanika. Pitisha kitambaa chenye unyevu kwenye ukingo, usiguse katikati. Na wapigaji wawe jozi mbili, maana usiku mzima mtu mmoja hawezi.

#3 Kijana wa Mwanga

Asanteni wakubwa. Swali langu: kwa nini ni wanawake zaidi? Na je, hii ni ya waliotoka pwani na Wamanyema tu, au Waha na Wanyamwezi walikuwa na yao?

#4 Mtafiti Kasulu

Walikuwa nayo, tena ya zamani kuliko hiyo ya pwani, na ni kosa kuzichanganya.

Buha ni sehemu ya eneo kubwa la kubandwa, ibada ya kupandwa na roho, pamoja na Burundi na Rwanda. Anayebandwa anaingia katika kundi la Kiranga, ambaye Rwanda wanamwita Ryangombe. Masimulizi yanasema alikuwa mwindaji, mama yake akamkataza kwenda mawindoni siku ile, hakusikia, akauawa na nyati. Mti unaoheshimiwa katika ibada zake ni ule wa maua mekundu ambao kwa Kirundi unaitwa umurinzi. Wanabandwa wanaume na wanawake, na aliyebandwa wakati wa ibada huwa yeye si fulani tena: anazungumza kama Kiranga au mmoja wa watu wake na anaheshimiwa hivyo, hata kama nyumbani kwake hana sauti.

Unyamwezi kuna Baswezi. Hao wanahusishwa na Bachwezi, watawala wa kale katika masimulizi ya Bunyoro huko Uganda, na desturi yenyewe iliingia kutoka kaskazini magharibi kupitia Usumbwa. Anayeitwa kujiunga ni mtu anayeugua ugonjwa usiosikia dawa, na uaguzi ukionyesha kwamba babu au bibi yake alikuwa Mswezi na sasa anadai mrithi. Kuingia kuna gharama, kuna mafunzo ya siri nje ya kijiji, kuna lugha ya ndani, kuna kufa kwa mfano na kuzaliwa upya. Anayetoka hapo ana ndugu wapya katika kila kijiji chenye Baswezi.

Tofauti na ngoma ya pwani ni hii: kule mgonjwa anapatana na mgeni aliyempanda, Mwarabu, Mhabeshi, Mbuki, Mmasai. Kwa Baswezi anayedai ni wa ukoo wako mwenyewe. Kwa hiyo na mazungumzo hayafanani. Mgeni anadai vitu, mzee wa ukoo anadai kurithiwa.

Kwa nini wanawake? Binti anaolewa, anahamia kwa watu asiowajua, na thamani yake inapimwa kwa uzazi. Mimba ikiharibika au mtoto akifa, hana pa kulisemea bila kuonekana analaumu ukoo wa mume. Pepo analisema kwa niaba yake, na hakuna wa kumlaumu yeye.

#5 Mzee wa Kazima

Hapo umejibu nusu na mimi namalizia. Ni njia ya wanawake kupata kanga na pete kwa mume bahili. Mume akikataa anaambiwa pepo atamuua mkewe. Watafiti wa zamani walishaandika kwamba ni silaha ya mnyonge.

#6 Dada wa Gungu

Mzee wangu shikamoo. Hoja hiyo ipo, ila inakwama pale unapotazama zar ya Sudan, ngoma ya aina hii ambayo imeandikwa kwa kina sana.

Kule kaskazini mwa Sudan zar ni ya wanawake karibu yote. Kiongozi wao ni shekha. Ngoma kamili inachukua hadi siku 7, ina mwanakondoo wa kuchinjwa, hina, manukato, na mgonjwa anakaa kama bibi harusi. Wanapiga mapigo ya roho mmoja mmoja. Kila roho ana "uzi" wake, ndivyo wanavyouita, na ukivutwa anakuja. Kuna roho masheikh na madarwishi, kuna Wahabeshi, kuna Wazungu wanaotaka suruali, biskuti na vyakula vya kopo, kuna wa kabila hili na lile waliowahi kuingia Sudan kwa vita au biashara.

Sasa kama shabaha ilikuwa kanga tu, kwa nini mwanamke huyo aendelee kuhudhuria miaka 20 baada ya kuipata? Na kwa nini anaigiza ofisa wa Kizungu aliyelewa? Mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni kukaa kimya na kufunika mwili anasimama mbele ya wenzake akiwa mwanaume, mgeni, mlevi, sheikh, kisha anarudi kuwa yeye. Anajiona kutoka nje. Hilo halinunuliwi dukani. Isitoshe, roho wa zar hatolewi. Anakaa na kiti wake maisha yote, na kinachotafutwa ni utulivu kati yao.

Na gharama mzee wangu, mara nyingi zinatoka kwa wanawake wenyewe. Mcheza kwao hutunzwa: zile noti zinazowekwa kwenye chano ni za marafiki zake wa kike na wifi kuliko za mume.

#7 Mzee wa Kazima

Marahaba mwanangu. Hilo la kuigiza wageni limeniingia. Lakini la vitisho kwa mume nalishikilia, kwa sababu lipo.

#8 Mkunga wa Urambo

Naomba tusiondoke kwenye uzi huu bila kuzungumza usalama. Mengi yanayoitwa pepo ni ugonjwa unaoua kwa saa chache, na kilingeni ndiko muda unakopotea.

Mjamzito kuanzia wiki ya 20, au mama aliyejifungua ndani ya wiki 6, akianguka na kukakamaa, akilalamika kichwa kikali, kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, uso na mikono kuvimba: hicho ni kifafa cha mimba mpaka hospitali iseme vinginevyo. Ngoma, mafusho na kombe vyote viwekwe kando, usafiri utafutwe dakika hiyo hiyo.

Homa na kuongea ovyo ni malaria ya kichwani mpaka kipimo kikatae. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, hakuna sababu ya kukiruka.

Mama aliyejifungua karibuni, hasa wiki 2 za kwanza, halali usiku 2 au 3 mfululizo, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au mtoto ni shetani. Usimwache peke yake na mtoto hata kidogo, na apelekwe siku hiyo. Hali hii inatibika vizuri, ila ikicheleweshwa mama anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Kutofautisha kifafa na kupandisha: mwenye kifafa mara nyingi anaanguka bila kuchagua mahali, hata kwenye jiko, macho wazi, anaweza kujing'ata ulimi pembeni na kujikojolea, kwa kawaida inaisha ndani ya dakika 2 au 3, kisha anakuwa mzito na amechanganyikiwa. Anayepandisha kwa kawaida hufumba macho, mwendo wake unapanda na kushuka, inachukua muda mrefu, na mara nyingi haangukii moto. Hizi ni dalili za kukusaidia kuuliza, hazitoshi kuamua. Mtu akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kijiko mdomoni. Ikizidi dakika 5, hospitali.

Ndani ya ngoma yenyewe kuna yanayotokea kila mara. Anayehema haraka haraka kwa muda mrefu anapata ganzi midomoni, kizunguzungu, na vidole vya mikono vinajikunja kwa ndani vikakataa kunyooka. Watu wanashangilia pepo mkubwa kaingia. Ni hewa chafu, ile tunayoitoa tukipumua, imepungua mno kwenye damu kwa kuhema kupita kiasi. Mkalishe, mpumulishe polepole, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, vidole vinafunguka vyenyewe. Mwenye pumu asikae karibu na chetezo. Mgonjwa asilale na njaa kabla ya ngoma: uji wenye sukari jioni, maji kila mapigo yanaposhuka. Wenye presha, wenye kisukari na wajawazito wasizungushe vichwa. Na wawepo wanawake 2 wenye nguvu nyuma yake ambao kazi yao ni kudaka tu, hawaimbi, hawachezi. Anayetumia dawa za hospitali, za kifafa, presha, ARV au za akili, haachi hata kidonge kimoja. Fundi anayemwambia aache dawa huyo akimbiwe.

#9 Mwanaujiji

Mkunga, Mungu akuzidishie. Hiyo ya vidole kujikunja ilikuwa inapigiwa ngoma mpaka asubuhi.

#10 Mwanafunzi wa Dini

Nimesoma kwa makini. Mnaeleza kwa haki, lakini upande wa imani lazima usemwe. Kuchinja kwa jina la pepo ni shirki, haina mjadala. Zikri ya tarika ya Kadiria inayofanyika Ujiji na Tabora ni kumtaja Mwenyezi Mungu, isichanganywe na ngoma ya ruhani eti kwa kuwa zote zina matari na watu wanayumba. Mwenye tatizo asomewe Kurani, inatosha. Na makanisani nako wana maombi ya kufunguliwa.

#11 Dada wa Gungu

Ndugu yangu, hukumu ya dini uko kwenye haki yako kuisema na waumini wengi wanakubaliana nawe. Naongeza moja tu la kiutendaji. Kisomo na maombi ya kufunguliwa vinalenga kumtoa pepo. Ngoma ya pwani na zar vinalenga kumtuliza. Kwenye kumtoa, mgonjwa akirudiwa anaonekana ameshindwa, imani yake ndogo, au ana siri. Hapo ndipo watu wanaanza kumpiga, kumfunga kamba, kumnyima chakula siku kadhaa. Kwenye kumtuliza, kurudiwa ni jambo la kawaida, anaitwa tena kwa wenzake. Anayesoma kisomo akaiga hilo moja la kutomlaumu anayerudiwa, atakuwa ameokoa wengi.

#12 Mwanafunzi wa Dini

Hilo la kupiga wagonjwa nakuunga mkono kabisa. Kisomo hakina fimbo. Anayepiga amechanganya dini na hasira zake.

#13 Kijana wa Mwanga

Na leo hizi ngoma zimebaki wapi? Naona kwenye sherehe watoto wa kikundi wanacheza "ngoma ya Baswezi" dakika 5, wanapigiwa makofi, wanakaa.

#14 Mtafiti Kasulu

Umeuliza lililo zito. Nchi kadhaa zimepita njia hiyo kabla yetu.

Kusini mwa Italia, eneo la Salento, wanawake wakulima waliaminika kuumwa na buibui wakati wa mavuno. Walitibiwa nyumbani: shuka jeupe sakafuni, mpiga fidla, mwenye tari, mwenye kodiani, na vitambaa vya rangi mbalimbali. Mwanamke alicheza siku nzima, siku kadhaa, mpaka rangi yake na wimbo wake vipatikane, kisha tarehe 29 Juni anakwenda kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Paulo huko Galatina kushukuru au kuomba. Mwaka uliofuata, majira yaleyale, maumivu yanarudi. Mtafiti Ernesto de Martino alikwenda huko mwaka 1959 na timu yenye daktari wa akili na mtaalamu wa muziki, wakaikuta desturi inakatika. Leo eneo hilohilo lina tamasha kubwa la Agosti pale Melpignano, lililoanza mwaka 1998, na maelfu wanacheza mapigo yale. Muziki umeokoka kwa utukufu. Yule mwanamke wa shuka jeupe hayupo, wala hakuna anayemuuliza mtu rangi yake ni ipi.

Cairo ni mfano wa aina nyingine. Kikundi cha Mazaher kinaongozwa na wanawake waliorithi zar, na wanapiga ukumbini kwenye kituo cha Makan, si kwa kutibu. Bado wana tambura, bado wana ule mkanda wa kwato za mbuzi unaolia mpigaji anapotikisa kiuno. Waimbaji wenye umri wanapata heshima na riziki ambayo mtaani walianza kuikosa. Hilo si dogo.

Morocco, Gnawa waliingizwa na UNESCO mwaka 2019 kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na tamasha la Essaouira lina umri sawa na lile la Italia. Usiku wa tiba wenye rangi za roho unaendelea majumbani, na huko wanawake wana nafasi kubwa. Jukwaani wanaoonekana ni wanaume wapigaji.

Ila jirani yetu Malawi ndiye wa kutufundisha zaidi. Vimbuza ya Watumbuka iko kwenye orodha hiyo ya UNESCO tangu 2008, na imeorodheshwa ikiwa ngoma ya tiba. Wagonjwa wengi ni wanawake, wanakaa nyumbani kwa mganga wiki au miezi, wanawake na watoto wa kijiji wanafanya duara na kuimba, wanaume karibu kazi yao ni kupiga ngoma tu. Maana yake inawezekana kuihifadhi ngoma pamoja na nyumba yake.

#15 Mkunga wa Urambo

Niongeze Senegal, maana pale ndipo hospitali yenyewe ilijifunza. Hospitali ya Fann mjini Dakar, chini ya daktari Henri Collomb, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ilianza kushirikiana na waganga wa ndëpp, ngoma ya tiba ya Walebu inayoongozwa na wanawake. Walichukua utaratibu: mgonjwa wa akili analazwa pamoja na ndugu yake, na kuna baraza ambapo wagonjwa, ndugu na watumishi wanakaa duara moja kuzungumza. Hakuna gharama kubwa hapo. Wodi yoyote yenye mkeka na mti wa kivuli inaweza.

Na kwa wanaosema hospitali inawaita wote vichaa: orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inasema kupandwa ni ugonjwa pale tu kunapokuja bila hiari, kunapomtesa mtu au kuharibu maisha yake, na kusipokuwa sehemu ya desturi au ibada inayokubalika kwao. Anayepandisha kilingeni na kesho yake anauza dagaa sokoni kama kawaida hana ugonjwa huo.

#16 Fundi wa Isevya

Urithi wa hapa kwetu msiutafute kwenye tamasha peke yake. Tazameni vikundi vya akina mama: vya kufa na kuzikana, vya kuzungushiana pesa, vya sare za harusi. Wana kiongozi mwenye sauti, wana mchango wa lazima, wana faini kwa asiyehudhuria, mgonjwa anatembelewa kwa zamu. Ndio utaratibu wa kilinge bila pepo. Kilichopungua humo ni nafasi ya kusema mbele ya mume na mashemeji lile usiloweza kulisema.

#17 Kijana wa Mwanga

La mwisho kutoka kwangu. Kikundi chetu tunataka kuonyesha ngoma ya pepo kwa heshima, na pia kurekodi bibi zetu wachache wanaojua nyimbo. Tuanzie wapi tusije tukavunja sheria au kukosea watu?

#18 Mwanaujiji

Tenganisheni kwanza: maonyesho ni maonyesho, tiba ni tiba. Mkitibu, mnaingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na fundi lazima awe amesajiliwa na Baraza. Ramli chonganishi, ile ya kumtaja jirani au wifi kuwa mchawi, imepigwa marufuku na ina kesi. Kwa maonyesho, kibali cha ngoma kwa mtendaji wa kata, mkitaja tarehe, saa ya kumaliza na mtu wa kuwajibika.

Kurekodi: msiende na kipaza sauti siku ya kwanza. Nendeni na sukari, mkae, mseme mnataka nini na sauti itahifadhiwa wapi. Kila wimbo andikeni ni wa pepo gani, unaimbwa hatua gani, nani anaanzisha na nani anaitikia, na mapigo yake, maana wimbo bila hatua yake unabaki maneno matupu. Rekodini vumi peke yake dakika 2, chapuo peke yake, msondo peke yake, halafu zote pamoja. Ukirekodi zote mara moja hakuna kijana atakayeweza kujifunza kutoka humo. Bibi akisema wimbo huu hauimbwi mchana au hautoki nje, zimeni mashine, msimbembeleze.

#19 Fundi wa Isevya

Jukwaani msiigize kuanguka. Chezeni kuanzia mwanzo mpaka mabega yanapotikisika, muishie hapo. Kwanza ni heshima, pili katika watazamaji hakosekani mtu aliyewahi kupungwa, na mapigo sahihi yanaweza kumpandisha kweli. Likitokea, msondo unyamaze, vumi ipungue, wanawake 2 wamtoe pembeni, mmoja amfunike kanga, na asipigwe picha.

#20 Dada wa Gungu

Na malipo yakigawanywa, waimbaji wapate sawa na wapigaji. Vikundi vingi vinalipa ngoma na kuwapa waitikiaji soda, halafu wanashangaa kwa nini bibi mwenye nyimbo 40 kichwani mwake hataki kuja tena.